Roda Wawili, Kiti Kimoja

Saa moja asubuhi, kiti cha kupumzikia kinaning'inia hewani ubavuni mwa bohari kuukuu lililo ukingoni mwa gati. Ni kiti kizuri, cha mito ya zambarau na mikono mipana ya kuegemeza viwiko, na mgongoni kimefungwa utepe mwekundu wa fundo la ua. Kimekaa hivyo tangu Jumatatu. Leo ni Alhamisi, na njiwa wawili wameshaanza kukipigia hesabu.

Juu yake, kwenye mlango wa ghorofa ya tatu, amesimama mwanamke mwenye mabega mapana na kilemba kilichokazwa. Mlango huo hauna ngazi wala baraza. Unafunguka moja kwa moja hewani. Mkono mmoja umeshika nguzo, mwingine umeshika kiuno, naye anakitazama kiti kama mtu anayemtazama mgeni aliyekataa kuaga.

"Hicho kiti ni changu," anasema. "Nimepewa nikapumzike. Mimi sitaki kupumzika, na chenyewe hakitaki kushuka. Kwa hiyo tunaelewana."

Chini, wapagazi wanapita na magodoro vichwani wakikwepa kivuli cha kiti. Nyapara amezungushia mapipa mahali pale ili kisije kikamdondokea mtu.

"Mama Roda," mmoja anaita kutoka chini, "kikidondoka nakikalia mimi."

"Kikidondoka kitakukalia wewe, mwanangu. Pita."

Gatini kote anaitwa Mama Roda. Wageni hudhani Roda ni binti yake wa kwanza, na barua za salamu za mwaka mpya hufika zikiwa zimeandikwa "Bi. Rhoda na familia". Familia ipo, Rhoda hayupo. Roda ni chuma: gurudumu linalopitishiwa mnyororo ili kupandishia mizigo, ambalo wengine huliita kapi. Roda ya bohari hili imefungwa kwenye boriti iliyochomoza nje ya ukuta, juu kabisa, na ina meno yanayong'ata pingili za mnyororo zisiteleze. Mama Roda ndiye anayevuta. Akivuta, godoro au dawati linapaa kutoka chini hadi kwenye mlango wake wa hewani, naye analivutia ndani kwa kulabu, taratibu, kama anayemkaribisha shemeji mwenye haya.

Jina la kwenye kitambulisho chake lipo, ila ameomba lisiandikwe. "Ukiliandika hilo, hata mume wangu atauliza ni nani."

Kazi hii ameifanya tangu akiwa msichana. Mshahara, kwa maelezo yake, unamfikisha tarehe ishirini, na kuanzia hapo anaishi kwa jina zuri. Lakini ndio huo unaomsomesha kitinda mimba wake chuo cha uuguzi, na binti yuko mwaka wa mwisho.

Mwezi huu ukiisha, kazi haitakuwa yake tena. Amestaafishwa. Hakuiba wala hakumtukana mtu, na hajafikisha umri wa kustaafu. Kilichomponza ni sarufi.

Ili kuielewa sarufi hiyo, inabidi kwanza kulielewa bohari.

Babu yake mzaa mama alikuwa mpagazi humu humu wakati wa vita vikuu, jengo lilipokuwa la jeshi la wanamaji. Alimsimulia mjukuu wake mengi, na mjukuu huyatoa yote kama alivyoyapokea, akikutembeza sakafu kwa sakafu bila kuuliza kama una haraka.

"Watu wanadhani bohari ni nyumba ya kuwekea vitu," anasema. "Kuweka vitu, hata uvungu wa kitanda unaweka. Hili lilijengwa ili litoe vitu. Meli ya vita ikitia nanga haina muda wa kumsubiri mtu anayetafuta funguo."

Ndiyo maana lina milango mikubwa miwili inayotazamana. Upande wa nchi kavu kuna jukwaa la saruji lenye kimo sawa na behewa la treni, ili shehena isukumwe ndani bila kuinuliwa. Upande wa pili ni mlango wa bahari, mpana zaidi. Mzigo uliingia huku ukatoka kule, na haukugeuka njiani ukagongana na mwenzake. Reli imeng'olewa siku nyingi, lakini desturi imebaki: anayeingia kwa nchi kavu hutoka kwa bahari, awe mpagazi, awe mkaguzi, awe paka.

"Paka wameshajifunza," anasema Mama Roda. "Wanaotusumbua ni wakubwa."

Vitu vizito vilikaa chini: minyororo, nanga za akiba, vipuri vya mitambo. Ghorofa ya katikati ilikuwa ya makopo ya nyama na biskuti ngumu, ambazo babu aliapa kwamba meli moja ilizitumia kuzibia tundu. Babu, mjukuu anakiri, hakuwa mchoyo wa chumvi. Juu kabisa vilikaa vyepesi, yaani mablanketi, sare na bendera. Rangi na mafuta ya taa havikuruhusiwa kuingia kabisa. Vilijengewa kijumba chao mbali, vikatengwa kama mgonjwa wa tetekuwanga, maana cheche moja ingewaachia mabaharia majivu. Hata bohari la jirani liliwekwa mbali kidogo, ili bomu likiangukia moja, jingine libaki kulisha meli.

Madirisha ni madogo, yako juu karibu na paa, na kila moja lina kifuniko cha chuma kisichopitisha mwanga. Ndege ya adui haikutakiwa kuona hata kibatari. Babu alisema humo ndani mchana ulikuwa usiku, na usiku ulikuwa usiku zaidi, na wapagazi walijuana kwa kukohoa.

Halafu kuna sakafu. Imelala kidogo, kwa kiasi ambacho jicho halioni, kuelekea baharini. Mafundi wa jeshi walitaka maji yakiingia yatoke yenyewe, na mapipa yakisukumwa yajipeleke. Vita viliisha, mteremko ukabaki. Kitu chochote cha mviringo kikianguka katika bohari hili hukata shauri la kwenda baharini.

"Chungwa likikuponyoka usiliinamie," Mama Roda anashauri. "Nenda kalisubiri mlangoni. Litakuja."

Na humu ndimo ilimozaliwa ile sarufi.

Siku moja wakati wa vita, kwa masimulizi ya babu, mpagazi aliinyoshea meli kidole akauliza, "Hiki kitu kinaondoka lini?" Mkalimani akatafsiri. Nahodha akawaka uso mzima. Katika lugha yao mabaharia wale, meli husemwa kama mwanamke, na kumwita kitu ni kumvunjia heshima. Nahodha alieleza kwa kirefu. Mkalimani, ambaye alikuwa na haraka ya kwenda kula, alilifupisha somo lote hivi: "Anasema huyo si kitu. Huyo ni mama."

Wapagazi wakaenda pembeni kushauriana. Kama meli, inayofika, ikala, ikaondoka bila kuaga, ni mama wa mtu, basi roda, anayeshinda juani akibeba mizigo ya kila mtu bila kula chochote, ni nani?

Hawakupata jibu jingine. Tangu siku hiyo, chombo chochote cha bohari kilichofanya kazi ya kutosha hupandishwa cheo, kikaacha kusemwa kama kitu kikaanza kusemwa kama mtu. Mzani "amelala". Ngazi ya mbao "anaumwa goti". Mlango wa bahari "ana homa" kila mvua ikinyesha, maana huvimba. Hakuna kikao cha kupandisha cheo. Mtu husema tu siku moja, na wenzake wasipomcheka, imepita.

Mwalimu wa sarufi angeshika kichwa. Watu wa bohari wameishi hivyo vizazi vitatu na hawajawahi kuchanganyikiwa, mpaka ilipopigwa simu.

Simu hiyo aliipiga nyapara, mzee mpole mwenye masharubu ya kijivu, aliyelelewa na lugha ya bohari kiasi kwamba hata nyumbani husema jiko "amegoma". Aliyemsukuma apige ni Mama Roda mwenyewe. Kwa muda mrefu alikuwa anaona meno ya roda yanalika na mnyororo unaruka, na alikuwa haachi kumkumbusha.

"Kila asubuhi nilimwambia," anasema Mama Roda. "Kaka nyapara, waambie Roda aondolewe kabla hajaua mtu. Nimejichimbia shimo kwa mikono yangu, na nikamsifu jembe."

Nyapara anayakumbuka mazungumzo neno kwa neno, kwa sababu tangu Jumatatu ameombwa kuyarudia na kila anayepita. Upande wa pili wa simu alikuwa afisa utumishi wa kampuni, mgeni kazini, ambaye alikuwa hajawahi kukanyaga bohari.

"Nikamwambia, Roda amechoka. Akibebeshwa mzigo anapiga kelele mpaka gati zima linageuka. Meno yamekwisha. Akauliza, ana muda gani hapo? Nikasema tangu vita. Akauliza, vita vipi? Nikasema vile vikuu."

"Na hilo halikumshtua?" anaulizwa.

"Alisema, 'Poleni sana.' Nikaona ni mtu mwenye huruma."

Afisa akauliza kama Roda hana watu wa kumtunza. Nyapara akajibu kwamba wanamtunza wenyewe; kila wiki wanampaka grisi.

"Mnampaka grisi?"

"Shingoni. Hapo ndipo anapokwama."

Afisa, anasema nyapara, akasema kwa sauti ya chini kwamba Roda ataondolewa haraka, na kwa heshima zote. Nyapara akashukuru, akauliza kama ataletwa mwingine. Akaambiwa ataletwa, tena kijana.

"Nikamwambia asiwe wa mtumba tu," nyapara anamalizia, akiwa ameshika tama. "Sasa niambie, katika hayo yote niliposema uongo ni wapi?"

Ndipo Jumatatu gari la kampuni lilipoegeshwa upande wa nchi kavu. Akashuka afisa utumishi, kijana wa suti ya kijivu mwenye sauti ya kutangaza treni, na nyuma yake madereva wawili wamebeba kiti. Wapagazi waliitwa wakajipanga. Mama Roda alishushwa kutoka juu, mikono imejaa grisi, akidhani anakuja kuonyeshwa roda mpya.

Afisa akafungua hotuba. Akasema kampuni imesikia kilio chake.

"Kilio gani?" Mama Roda akauliza.

"Mama, hakuna aibu. Kila mtu huchoka. Tumeambiwa siku hizi ukibebeshwa mzigo unapiga kelele."

Wapagazi wakatazamana. Mmoja alianza kukohoa kikohozi ambacho hakikuwa na ugonjwa. Afisa akaendelea, akataja suala la meno, kwa upole, akisema kampuni inaweza kusaidia kidogo upande huo. Mama Roda akafungua kinywa chote na kumwonyesha. Yapo yote, na si watu wengi wa rika lake wanaoweza kusema hivyo.

Hapo chupa ya maji ya afisa, aliyokuwa ameiweka sakafuni, ikaanguka ubavu na kuanza safari. Afisa akaifuata hatua chache huku akihutubia. Chupa ikaongeza mwendo. Ikabidi achague kati ya hotuba na chupa, akachagua hotuba, na mtu mmoja nyuma akasema taratibu, "Ataikuta mlangoni."

Mama Roda akajaribu kueleza. Akasema Roda anayepiga kelele si yeye, ni yule wa juu. Afisa akatazama juu, akaona boriti na chuma.

"Pale hakuna mtu," akasema.

"Ndiyo nakuambia. Si mtu."

"Lakini nyapara alisema 'anapiga kelele'. Hakusema 'inapiga'."

"Kwa sababu ni Roda."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ni Roda pia. Lakini mimi ni mtu."

Afisa utumishi alifumba macho kidogo, kama anayemwomba mtu subira. Kisha akatoa uamuzi, ambao bohari zima linaukariri hadi leo. Ofisi imeombwa kumwondoa Roda, akasema, na ofisi imemwondoa. Nafasi yake inakwisha mwisho wa mwezi. Kama yuko Roda mwingine, aje ofisini yeye mwenyewe, kabla ya Alhamisi jioni, na aje na kitambulisho.

Baada ya kusema hayo akageuka kuondoka kwa mlango alioingilia. Wapagazi, bila kuambizana, wakaziba njia. Si kwa ubaya. Ni desturi tu. Afisa akatolewa kwa mlango wa bahari, akaokota chupa yake kizingitini, akazunguka jengo zima juani mpaka kwenye gari. Kwa mujibu wa waliomwona, hakufika huko akiwa na furaha.

Kiti kikabaki katikati ya njia. Kurudi nchi kavu hakikuruhusiwa. Kupelekwa nyumbani Mama Roda hakukubali.

Sababu ni mumewe, fundi cherehani anayefanyia kazi sebuleni. Ni mtu mwema na mchangamfu, mwenye udhaifu mmoja: hukata, hushona na hupiga pasi kwa raha zake, ila vifungo hapendi. Habari za kustaafu zilimfikia kabla mkewe hajavua viatu. Jioni ile ile alishaondoa vitambaa upande mmoja wa benchi na kuweka kikopo.

"Nikamuuliza, hiki kikopo cha nini? Akasema, 'Mama watoto, naona Mungu ametukumbuka. Sasa utakuwa unanisaidia vifungo.' Nikakitazama. Kimejaa. Mimi nimenyanyua madawati maisha yangu yote, leo nikae nitungie uzi kwenye vitundu vinne. Nikamwambia sijastaafu. Akasema, 'Basi anza na vya mashati ya shule, hivyo ni vikubwa.'"

Mume, alipoulizwa, hakukana. "Mimi nilikuwa namfikiria yeye," alisema. "Mtu akikaa bure huzeeka."

Kiti kisingeweza kuonekana katika nyumba hiyo. Mama Roda aliyajua hayo mapema, na Jumatatu ile, kabla ya kwenda nyumbani, aliamua kukificha ghorofa ya tatu, nyuma ya magodoro. Akakifunga kwenye kulabu ya mnyororo, akapanda, akaanza kuvuta. Kiti kikapaa vizuri. Kilipofika katikati, roda akapiga kelele moja ndefu, akang'ata mnyororo, akakaa kimya. Hakwenda mbele wala nyuma.

"Kama aliyejua ni kiti chake," anasema Mama Roda.

Sasa ni Alhamisi, saa mbili na kitu, na fundi wa kampuni ya jirani amekubali kuja kumfungua Roda kwenye boriti. Wapagazi wanne wanakifunga kiti kwa kamba ya pili kutoka mlango wa hewani na kukiteremsha taratibu. Kinashuka kikijizungusha, utepe unapepea, na njiwa wanaondoka kwa manung'uniko. Kinapogusa ardhi, hakuna anayekikalia. Mama Roda ameshaonya kwamba atakayekikalia atakuwa amekubali kustaafu kwa niaba yake.

Kumteremsha Roda ni kazi kubwa zaidi. Ni mzito, na uzee umemgandisha. Fundi anagonga, anapaka mafuta, anamsemesha maneno ambayo hayafai kuandikwa, na hatimaye nati inalegea. Nyapara anavua kofia. Ni mara ya kwanza tangu vita Roda kugusa ardhi.

"Mpeni mahali pa kukaa," anasema Mama Roda.

Mkokoteni uliopo una mbao zilizochomoza misumari. Mahali laini ni kitini tu. Wanamweka Roda kwenye kiti cha zambarau, wanakipandisha kiti kwenye mkokoteni, wanamfunga kiunoni kwa kamba asidondoke. Wanampitisha ndani kwanza, wanatoka kwa mlango wa bahari, kama inavyopasa, wanazunguka jengo, wanashika barabara ya mjini. Nyapara anasukuma. Mama Roda anatembea kando, mkono mmoja juu ya Roda, kama mtu anayempeleka mzazi kliniki.

Njiani, mwenye duka mmoja anasimama na kuinamisha kichwa akidhani ni msiba. Mwingine anauliza wanamuuza bei gani.

"Hauzwi," anajibu Mama Roda. "Anakwenda kujieleza."

Katika ofisi kuu, dada wa mapokezi anainua macho kutoka kwenye simu yake.

"Karibuni. Mnamtaka nani?"

"Afisa utumishi."

"Niseme nani anamtaka?"

"Roda."

Dada anamtazama Mama Roda. "Ni wewe?"

"Hapana, mimi nimemsindikiza. Mwenyewe yuko nje, kwenye kiti. Ngazi zenu hawezi."

Afisa utumishi anashuka. Anasimama kizingitini akiwa amekunja mikono, anakitazama kiti alichokitoa mwenyewe, na chuma kilichokaa humo kikiwa na utepe mabegani. Wafanyakazi wameanza kujaa madirishani. Mama Roda, ambaye moyoni mwake mna karo ya binti yake na kichwani mwake mna kikopo cha vifungo, anajikaza. Ametayarisha maneno mengi, lakini yanayotoka ni machache.

"Ulisema aje. Amekuja."

"Na kitambulisho?" anauliza afisa, kwa sauti ya mtu anayejua ameshikwa lakini hajui wapi.

Mama Roda anatoa kitambaa mfukoni, anafuta grisi kwenye shavu la Roda. Chini ya weusi inajitokeza nanga ndogo iliyogongwa kwenye chuma, na chini ya nanga, tarakimu. Afisa anainama kusoma. Dada wa mapokezi anasoma kupitia begani kwake.

"Ni mwaka wa vita," anasema dada. "Huyu alipaswa kustaafu kabla mimi sijazaliwa."

Afisa ananyosha mkono, anashika kipande cha mnyororo kilichobaki kwenye meno, anakivuta.

Kelele inayotoka inapita mlangoni, inapanda ngazi, inafungua dirisha la ghorofa ya pili. Mhasibu anachungulia, ameshika kifua, anauliza nani ameumia. Afisa anaruka nyuma. Anautazama mkono wake uliojaa grisi, anamtazama Roda, na bila kufundishwa na mtu anasema:

"Kweli. Huyu amechoka."

Nyapara anatazama viatu vyake. Mama Roda anang'ata mdomo. Mtu wa ofisini amemsema Roda kama mtu, mbele ya mashahidi, na hakuna aliyecheka. Imepita.

Kilichofuata kilikuwa cha kiofisi. Afisa alirudi kwenye suti yake na kutangaza kwamba ofisi haikukosea. Ofisi iliombwa kumwondoa Roda, na Roda ameondolewa. Huyu mama mwingine, ambaye jina lake ni jingine kabisa, arudi kazini kwake, kwa sababu hakuna aliyewahi kusema lolote juu yake. Kiti hakirudi, kimeshatolewa kwa Roda. Na kuanzia leo, nyapara akipiga simu kuhusu chombo chochote, aanze kwa kusema neno "kifaa".

"Nitasema," aliahidi nyapara. "Kifaa Roda hakuwa na shida kubwa, ni meno tu."

Afisa alirudi ndani.

Ukiingia bohari sasa, majuma kadhaa baadaye, utamkuta Roda mzee amekaa kwenye kiti cha zambarau, katikati ya njia kati ya milango miwili, utepe umepauka kidogo. Wakati wa mapumziko wapagazi hukaa juu ya madebe na magodoro kumzunguka. Kiti ni chake. Mama Roda ameshaweka maombi yake: siku yeye akiondoka, mzee huyu aondoke naye, akafungwe juu ya kisima cha uani kwake, awe anapandisha ndoo ya maji tu. Mumewe amekubali, kwa sharti ambalo halijabadilika.

"Kikopo kiko pale pale," anasema Mama Roda. "Ameongeza na zipu."

Roda mpya imekwishafika. Inang'aa, haina sauti, na meno yake ni makali kama ya panya. Ilipofungwa kwenye boriti wiki iliyopita, wote walikusanyika chini kuitazama, na mpagazi mmoja, kwa furaha, akasema, "Naona amekaa vizuri."

Bohari lote likamcheka. Hata nyapara alicheka mpaka akashika mapipa.

"Imekaa vizuri," Mama Roda alimrekebisha kutoka juu. "Ibebe kwanza."

Asubuhi hii amesimama tena kwenye mlango wake wa hewani, mnyororo mpya mikononi, dawati la kwanza linapaa bila mlio. Anasema ukimya huo unamtia wasiwasi. Anahisi kama anafanya kazi na mkwe. Lakini ana mpango, na ameupanga vizuri. Binti yake akivaa sare ya uuguzi, hatasubiri mtu apige simu. Ataomba kuondoka mwenyewe, kwa kinywa chake chenye meno yote.

"Ila kabla sijaondoka," anasema, akilivutia dawati ndani kwa kulabu, "nataka siku moja nisimame hapa, nisikie mtu chini anasema, 'Roda amechoka.' Asicheke mtu. Na mimi huku juu nisijue anamsema nani kati yetu."

Analisukuma dawati mahali pake, anajifuta mikono.

"Siku hiyo nitashuka. Nitatoka kwa mlango wa bahari."